Kuchagua Kalamu ya Wino kwa Kazi ya Kila Siku

Muhula uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alinijia na kalamu ya wino aliyopewa zawadi na mjomba wake. Ilipendeza macho: nyeusi, ina pete za rangi ya dhahabu, na kibanio chake kimechongwa kama mshale. Akaniuliza, "Samahani, Mwalimu, hii ni kalamu bora?" Nikamjibu kwamba sijui. Alishangaa, maana alidhani mtu anayeandika kwa kalamu ya wino kila siku hawezi kukosa kujua. Lakini ubora wa kalamu ya wino hauonekani kwa kuitazama tu, na mimi nilijifunza jambo hilo kwa aibu na kwa fedha yangu mwenyewe. Kwa kuwa wengine wameniuliza swali lile lile tangu siku ile, nimeonelea niandike yote mahali pamoja.

Kwanza yafaa tujue chombo hiki kinavyofanya kazi, kwani asiyejua hayo huchagua kwa rangi.

Tazama nibu. Utaona mpasuo mwembamba unaotoka nchani mpaka kwenye tundu dogo. Mpasuo huo si jambo geni kwetu. Waliosoma chuoni hapa Ujiji wanajua jinsi tete linavyochongwa kwa kisu kikali, likapasuliwa kidogo nchani, likachovywa katika wino wa masizi. Wino hushuka katika mpasuo wa tete kama unavyoshuka katika mpasuo wa nibu. Shida ya tete ni kwamba huchukua wino kidogo tu, na baada ya maneno machache sharti mkono urudi kidauni.

Watu walitamani tangu zamani kalamu inayochukua wino wake yenyewe. Katika karne ya 10 kadhi al-Nu'man aliandika kwamba mtawala al-Mu'izz, wa dola ya Wafatimi, alitaka atengenezewe kalamu ya namna hiyo, isiyochafua mikono wala nguo. Mwaka 1827 Petrache Poenaru, Mromania aliyekuwa akisoma Paris, alipewa na serikali ya Ufaransa hati ya uvumbuzi kwa kalamu yenye hazina ya wino. Lakini kuweka wino ndani ya kalamu ni rahisi. Kazi ni kuutoa kidogo kidogo. Mwaka 1884 Lewis Edson Waterman wa New York alipata hati ya uvumbuzi kwa kalamu ambayo chini ya nibu ina ulimi wenye mifereji. Husimuliwa kwamba alikuwa wakala wa bima aliyeharibikiwa mkataba kwa kalamu iliyovuja. Hadithi ni tamu, na wauza kalamu wameipenda sana, ila ushahidi wake ni haba.

Ulimi ule hufanya nini? Fanyeni jaribio hili nyumbani. Chukueni chupa ngumu ya dawa iliyokwisha, toboeni kifuniko chake tundu moja kwa sindano, jazeni maji, kisha igeuzeni juu chini. Maji yatatoa tone moja au mawili, halafu yatasita. Hayawezi kutoka kwa sababu hewa haiwezi kuingia kushika nafasi yake. Kalamu nayo ni hivyo hivyo. Hewa isipoingia, wino hugoma; hewa ikiingia ovyo, wino wote humwagika mfukoni. Mifereji ya ulimi hushusha wino na kupandisha hewa kwa kipimo. Na nguvu inayouvuta wino mpaka karatasini ni ile ile inayopandisha mafuta katika utambi wa kibatari.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama kalamu ni bora, aulize habari za nibu, ulimi, kifuniko, na namna inavyojazwa wino. Pete za dhahabu haziandiki.

Nikitaja dhahabu, najua mtaniuliza habari za nibu za dhahabu. Zamani wino wa maofisini ulikuwa na asidi, na chuma cha kawaida kililiwa upesi, dhahabu hailiwi. Hiyo ndiyo sababu yake, si fahari. Siku hizi nibu hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, nacho chatosha kabisa kwa kazi ya shule. Tena dhahabu ni laini, ndiyo maana hata nibu ya dhahabu huungwa nchani tone dogo la madini magumu, na tone hilo ndilo linalogusa karatasi. Kalamu nyingi za bei ndogo zimechorwa kwenye nibu maneno ya Kiingereza yanayotaja madini ya iridiamu na nchi ya Ujerumani. Maneno hayo yasikununulishe kitu. Kuchora maneno ni rahisi kuliko kusawazisha ncha.

Basi, ukienda dukani, chukua karatasi yako mwenyewe, yaani ukurasa wa daftari unalotumia. Karatasi nzuri ya muuzaji huifanya kila kalamu ionekane njema. Mwombe kwa adabu akuruhusu kuichovya nibu katika wino. Akikataa, mrudishie kalamu yake, mshukuru, uende zako. Akikubali, ishike kama unavyoshika kalamu siku zote, usikandamize, na uandike tarakimu 8 nyingi mfululizo. Tarakimu hiyo huipeleka ncha pande zote: juu, chini, kushoto na kulia. Kama inateleza pande tatu na upande wa nne inakwaruza, basi mabawa mawili ya nibu hayako sawa. Igeuze ncha ikuelekee, itazame kwenye mwanga, nawe utaona bawa moja limepanda juu ya mwenzake. Kalamu hiyo iache, hata ikiwa na jina kubwa. Nimeona kalamu ya jina kubwa yenye kasoro hiyo, nikaona na kalamu ya Kichina ya bei ndogo isiyokuwa nayo.

Baada ya hapo andika sentensi kamili, si sahihi yako. Watu wengi wakipewa kalamu dukani hutia sahihi yao mara tatu, wakatabasamu, wakalipa. Sahihi huandikwa kwa nusu dakika; kazi yetu ni kurasa kwa kurasa. Ni katika mstari wa kumi ndipo utakapojua kama kalamu ni nzito mno, au nyembamba mno hata vidole vinaumana.

Unene wa maandishi huonyeshwa kwa herufi zilizochongwa kwenye nibu: EF ni nyembamba sana, F nyembamba, M ya kati, na B nene. Lakini herufi hizi si kipimo kimoja duniani. Nibu za Japani, kama za Pilot, kampuni iliyoanza mwaka 1918, kwa kawaida huwa nyembamba kuliko za Ulaya zenye herufi ile ile, kwa kuwa Wajapani huandika maneno yenye mistari mingi katika nafasi ndogo. Madaftari yetu yana karatasi nyepesi inayokunywa wino. Nibu nene huacha herufi zenye mizizi, na upande wa pili wa karatasi haufai tena. Kwa mwanafunzi nashauri F. Hasa nawashauri hivyo wanaoandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu mkono wao hupita juu ya maneno yaliyokwisha kuandikwa, na mstari mwembamba hukauka mapema. Anayeandika herufi za Kiarabu kwa mkono wa kulia ana shida hiyo hiyo. Vijana wetu wanaotoka chuoni jioni na vidole vya buluu wanaijua.

Habari ya kujaza wino ni fupi. Kalamu nyingine hutumia vichupa vidogo vya plastiki vilivyojazwa kiwandani. Kikiisha unatupa, unatia kingine. Ni vyema kwa mtu aliye mahali ambapo vinapatikana. Kwetu mtu aweza kuvikosa muhula mzima, na kalamu ikalala kabatini. Tafuta kalamu inayovuta wino chupani, ama kwa mpira wa kufinya ama kwa pampu ndogo ya kuzungusha. Za mpira wa kufinya zimetengenezwa kwa wingi na kiwanda cha Hero cha Shanghai, kilichoanza mwaka 1931, na baadhi ya kalamu zake zina nibu iliyofichwa ndani ya kofia, ikachungulia ncha tu. Mtindo huo ulijulikana sana kwa kalamu ya Parker 51 iliyotolewa mwaka 1941. Kofia ile huikinga nibu isikauke upesi, jambo zuri wakati wa kiangazi.

Kifuniko nacho kipimwe. Jaza kalamu, ifunike, iache siku tatu, kisha uandike. Ikianza kuandika mara moja, kifuniko kinabana vizuri. Jaribio hili haliwezekani dukani, lakini laweza kufanywa kwa kalamu ya rafiki aliye na aina unayoitaka.

Neno moja kwa wanaosafiri. Uso wa ziwa letu uko kiasi cha mita 773 juu ya bahari, na Kasulu iko juu zaidi. Gari linapopanda, uzito wa hewa hupungua, na hewa iliyomo ndani ya kalamu hutanuka na kuusukuma wino nje. Kalamu iliyojaa haina hewa nyingi ya kutanuka, na iliyo tupu haina wino wa kusukumwa. Ya nusu ndiyo huchafua mashati. Ijaze kabisa au uikaushe, na uiweke ncha ikitazama juu.

Sasa nije kwenye wino wenyewe. Hapa nitakawia kidogo, maana hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka 2018 nilikuwa katibu wa chama kidogo cha kuweka na kukopa katika mwalo wa Katonga. Wanachama walikuwa wavuvi, wachuuzi wa migebuka, na akina mama wanaokausha dagaa. Walinichagua kwa sababu ya mwandiko wangu, nami nikajiona. Nikanunua kalamu ya kung'aa iliyolingana na cheo, na chupa ya wino wa buluu uliopendeza sana. Chupa iliandikwa kwa Kiingereza kwamba wino huo hufulika. Nililisoma neno hilo nikafurahi. Nilifikiri habari za shati langu, sikufikiri habari za kitabu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi mvua ilinikuta njiani natoka mwaloni, na kaunta buku la chama limo katika mfuko wa nguo. Nilipolifungua nyumbani, kurasa tatu za mwisho zilikuwa na wingu la buluu. Mistari ya kiwandani ilibaki. Majina na fedha havikuwapo. Nilizianika kurasa dirishani, nikazishika mbele ya taa, nikapata herufi mojamoja tu.

Katika kurasa hizo mama mmoja mkaushaji dagaa alikuwa amemaliza kulipa mkopo wake Jumamosi iliyotangulia. Deni lake lilikuwa katika kurasa za nyuma, kavu na safi. Malipo yake ya mwisho yalikuwa ndani ya wingu. Kikao kilipoitishwa, baadhi ya wanachama walisema kitabu kinaonyesha anadaiwa. Mama akasimama akasema, "Mwalimu, si wewe uliyeandika mbele yangu?" Nikasema ndimi, nakumbuka, alilipa. Mzee mmoja wa mwaloni, mtu mpole, akanijibu, "Mwalimu wetu, kama tungetaka kukumbuka tusingenunua kitabu." Sikuwa na la kusema. Wengine walikwisha kuanza kumtazama yule mama kwa jicho la shaka, naye hakuwa na kosa lolote. Nililipa fedha ile mwenyewe ili hesabu isimame, lakini kulipa kwangu hakukumtoa yule mama mashaka. Watu walisema nimemwonea huruma. Ilichukua miezi mingi maneno yale kuisha.

Na niseme kweli, kwa sababu walimu wenzangu wamekwisha kunicheka vya kutosha: kama ningeandika kwa biki ya kawaida, majina yangebaki. Wino wa bolpeni ni wa mafuta, maji hayauwezi kwa urahisi. Faida ya kalamu ya wino ni kwamba haihitaji kukandamizwa, mkono hauchoki upesi, nayo hujazwa tena na tena. Faida hizo hazina maana kama maandishi hayadumu.

Nilipokuwa nikisumbuka na jambo hilo nilisoma habari ya mtu mwingine aliyefika Ujiji na maandishi yanayofifia. Dkt. David Livingstone alipokuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba katika Kongo ya sasa, mwaka 1871, karatasi na wino vilimwishia. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu la London, akaandika juu ya chapa yake kwa wino alioutengeneza kwa rangi ya kutilia nguo iliyopatikana kule. Kwa wino huo aliandika aliyoyaona tarehe 15 Julai 1871, siku watu wenye bunduki walipowashambulia wanunuzi na wauzaji katika soko la Nyangwe wakaua watu wengi. Mwezi wa Oktoba alifika hapa Ujiji, amedhoofika, na siku chache baadaye Stanley akamkuta. Baadaye alinakili habari zake katika kitabu kizuri zaidi, lakini katika kunakili alibadili mambo. Zile kurasa za gazeti zilififia hata hazikusomeka. Ilipofika mwaka 2011 wataalamu walitangaza kwamba wamezisoma tena, kwa kuzipiga picha chini ya mianga ya rangi nyingi, pamoja na ile isiyoonekana kwa macho, kisha kuzichambua kwa kompyuta. Miaka 140 ilipita. Chama cha Katonga hakikuwa na mitambo hiyo.

Basi jueni aina za wino. Wino wa kufulika ni mwepesi kwa kalamu na nguo, wafaa kwa mazoezi na insha za kusahihishwa, lakini maji huuondoa na jua huufifisha. Wino wa chuma, ambao watu wa Ulaya na Uarabuni walioutumia kwa karne nyingi waliutengeneza kwa vivimbe vya mti wa mwaloni (mti wa Ulaya huo, si mwalo wetu wa samaki) na chumvi ya chuma, huingia katika karatasi na kuwa mweusi zaidi ukipigwa na hewa. Bado hutengenezwa, kwa namna iliyopunguzwa ukali. Unadumu, ila usiuache ukauke ndani ya kalamu. Isafishe kwa maji safi ya baridi mara kwa mara. Wino wa chuoni, wa masizi na gundi, haufifii kwa jua hata kidogo, lakini usithubutu kuutia katika kalamu ya kujazwa: gundi huziba mifereji ya ulimi. Wino mweusi wa wachoraji nao una madhara hayo hayo.

Usiamini maandishi ya chupa peke yake, wala usiniamini mimi. Andika mistari minne ya wino wako katika karatasi ya daftari, uiache ikauke siku moja. Kata karatasi vipande viwili. Kimoja kitumbukize katika bakuli la maji ya ziwa kwa robo saa. Cha pili kifunike nusu kwa kitabu, nusu iache juani dirishani kwa wiki mbili. Nilipofanya hivyo kwa wino wangu wa zamani, kipande cha majini kilirudi cheupe. Wino ninaotumia sasa ulitoa rangi kidogo tu, na maneno yote yakasomeka.

Kuhusu mitihani: karatasi za Baraza la Mitihani huagiza kuandika kwa wino wa buluu au mweusi, na michoro kwa penseli, kwa hiyo wino wa rangi nyingine ubaki nyumbani. Mwenye kalamu ya wino aingie na bolpeni ya akiba mfukoni. Usiianze kalamu mpya siku ya mtihani. Itumie angalau mwezi mzima kabla, mkono uizoee.

Yule kijana wa Kidato cha Tatu tuliijaribu kalamu yake pamoja. Ilikwaruza upande mmoja, na bawa la kushoto lilikuwa limepanda. Tulilisawazisha kwa ukucha, polepole, na sasa inaandika vizuri, ingawa kifuniko chake hakibani na kila asubuhi huilowesha ncha kwa tone la maji. Anaipenda, na ni zawadi ya mjomba. Sikumwambia anunue nyingine.

Mimi bado ni katibu wa chama. Kalamu ninayotumia ni ya plastiki nyeusi, nibu F, ya kuvuta wino kwa mpira, nayo haina pete hata moja. Yule mama kila akilipa hungoja wino ukauke, halafu hulowesha kidole ulimini, husugua jina lake, na kukitazama kidole. Chupa ya wino iko juu ya meza yangu katika ofisi ya walimu. Anayetaka kulinganisha na wake aje saa ya mapumziko na karatasi yake mwenyewe.